Kamba ya Mgomba kwenye Kikombe

Kwetu Busale, chombo kinachokwenda msibani hufungwa kamba. Mwanamke anayepeleka chungu, sufuria au vikombe huchana ganda kavu la mgomba, hulisokota, kisha hulifunga kwenye mkono wa chombo kwa fundo analolijua yeye. Mmoja hukaza mara mbili, mwingine huacha mkia mrefu, mwingine husokota pamoja na uzi wa khanga kuukuu. Msiba ukiisha, mwenye chombo haigusi kamba ile. Mtu wa nyumba iliyofiwa ndiye husimama mlangoni akafungua chombo kimoja baada ya kingine, na kila akifungua husema, "Ndaga fijo, kapikie." Ni kushukuru na kuruhusu kwa pamoja. Chombo kikirudi kwa mwenyewe na kamba yake, hakuna atakayekipikia wala kukinywea. Watu huhesabu kwamba bado kiko msibani.

Mama alipomfuata baba kaburini, nyumba yetu haikubaki na mwanamke wa kuifanya kazi hiyo. Shangazi, dada yake baba, alikuwepo, lakini wakati huo alikuwa ameolewa na alihesabiwa mtu wa kwa mumewe. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado anachunga ndama. Wa mwisho wetu alikuwa msichana mdogo aliyelia kila alipowekwa chini. Nikabaki mimi, wa darasa la sita. Nilisimama mlangoni, wanawake wakiwa wamejaa uani, na mafundo yao yakanishinda.

"Meno, kijana! Tumia meno!" mmoja alinipigia kelele.

"Mwacheni," mwingine akamjibu. "Akimaliza hivi vyote tumtafutie mke."

Wakacheka na macho yao yamevimba kwa kulia. Nilivifungua vyote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza nikiwa mkubwa wa nyumba, na shuleni sikurudi tena.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Kyela mjini, ambayo utotoni niliyajua kwa rafu tupu na foleni ya sukari, yalijaa sabuni, betri na vitenge vilivyovuka kutoka ng'ambo ya Songwe. Wanunuzi binafsi walileta malori yao mpaka pembeni mwa mashamba ya mpunga, na ghala la ushirika likabaki na kufuli na popo. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Mimi nilikuwa na baiskeli ya baba. Siku za soko nilishuka nayo mpaka Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi hufikisha vyungu vyao kwa mitumbwi, nikanunua vile vya mboga na vya samaki, nikavipanga ndani ya tenga kubwa nyuma ya baiskeli, katikati ya majani makavu ya migomba, nikavisukuma mpaka Kyela. Sufuria za bati nyepesi zilikuwa zimeingia kwa wingi, ila wanawake waliojua kupika mbasa hawakuzitaka. Walisema samaki ndani ya sufuria ana ladha ya mlango wa duka.

Shangazi aliachana na mumewe mwaka uliofuata, akarudi kwao, ambako ndiko kwetu. Tulimpokea kwa furaha. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono isiyotulia, akilima huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kiume. Jambo moja tu lilikuwa geni kwetu: hakula nasi. Alitupakulia, akakaa pembeni na bakuli lake, na maji alikunywa kwa kata yake ndogo ya kibuyu, ambayo ilining'inia darini kwa kamba nyeusi iliyofungwa shingoni mwa kata hiyo. Mdogo wangu wa kiume alisema ni maringo ya mtu aliyewahi kukaa mjini. Tulimzoea hivyo.

Wakati huo ndipo wa mwisho wetu alipoanza kuugua. Niliona kwanza msimu wa kakao. Watoto wa kwetu hupenda kufyonza ule ute mweupe wa mbegu za kakao kabla hazijaanikwa, na yeye alikuwa wa kwanza kila tunda lilipopasuliwa. Siku hiyo aliweka mbegu moja mdomoni, akaitoa, akaishika kwenye kiganja akiitazama.

"Mbona hufyonzi?" nilimuuliza.

"Inaniuma, kaka."

Nikamwambia afungue mdomo. Ndani ya shavu na chini ya ulimi kulikuwa na vidonda vya mviringo, vyeupe katikati, vyekundu ukingoni. Vilipona. Vikarudi. Vikapona tena, vikarudi pamoja na homa iliyompanda bila sababu, ikamshusha siku chache baadaye bila sababu vilevile. Tulimpa klorokwini mpaka ngozi ikamwasha mwili mzima, na homa ikaja kama inavyopenda. Kisha magoti yakaanza kuvimba. Kuna asubuhi nilimkuta amekaa kitandani akingoja nimbebe, wala halii, kama mtu anayengoja gari analojua litachelewa.

Hapo lazima nieleze watu walivyofikiri, maana bila hivyo shangazi ataonekana mtu mbaya, naye hakuwa mbaya. Baba naye alikuwa na vidonda vya mdomo maisha yake yote. Alikataa pilipili na ndimu, akatafuna upande mmoja, na mwisho alikufa kwa tumbo lililovuja damu. Miaka ile maneno yalikuwa mepesi. Mtu akikonda walisema amekanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Mume akifa na mke akafuata, hakuna aliyeuliza swali. Kwa hiyo mtoto wa watu wawili waliofuatana, mwenye homa na vidonda, majirani walikuwa wameshamaliza kumpima kwa macho.

Kikombe chake kilikuwa cha bati lililopakwa rangi nyeupe, na ukingo wa buluu. Siku moja nilirudi kutoka Lyulilo nikakikuta kichanjani, kwenye vyombo vilivyooshwa, kimefungwa kamba ya mgomba kwenye mkono wake.

Nilidhani kuna msiba. Nilimuuliza shangazi nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," alisema bila kugeuka. "Ni kukijua tu. Ninyi wengine msikinywee."

Nilikaa kwenye gogo nikaifungua. Shangazi aliona, akaendelea na kazi yake. Kesho yake kamba ilikuwepo, mpya, imekazwa zaidi. Nikaifungua. Ikawa ndiyo desturi yetu: yeye hufunga akimaliza kuosha vyombo, mimi hufungua kabla mtoto hajanywa uji. Hatukugombana. Tuliendelea kusalimiana vizuri, "Ugonile, shangazi," "Ndaga, mwanangu," na kamba ikiwa mfukoni mwangu. Mfuko wa suruali yangu ulikuwa umejaa vipande vya mgomba kama kiota cha ndege.

Mtoto mwenyewe hakujua kwa muda. Siku alipoiona alifurahi.

"Kaka, kikombe changu kinaenda msibani?"

"Hakiendi."

"Basi mbona kimevaa?"

Nikamwambia kimevaa kwa sababu kinajipenda, kama yeye na shanga zake. Alicheka mpaka kidonda kikamuuma, akaziba mdomo kwa mkono akiendelea kucheka.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, shangazi aliniita tukiwa shambani tunafukuza ndege. Alisema, tukishavuna, mtoto aende juu, milimani nyuma ya Matema, kwa bibi mmoja mzee wa ukoo wetu aliyeishi peke yake. Huko kuna baridi nzuri, alisema. Huko hakuna watoto wengi.

"Akiumwa huko nani atamshusha?" niliuliza.

"Kuna watu."

"Shangazi, yule bibi haoni."

Alichukua bonge la udongo akawarushia ndege waliokuwa mbali sana kuguswa. "Una mdogo mwingine," alisema. "Una wewe mwenyewe. Unataka nizike wote?"

Nilimwambia mtoto haendi. Yeye akasema tutavuna kwanza. Tangu hapo niliutazama mpunga kwa chuki, mimi mkulima. Kila ulivyozidi kuwa wa dhahabu nilitamani urudi kijani.

Kabla ya kuvuna ugonjwa ulimzidi. Mdomo ulijaa mpaka kooni, akashindwa kumeza hata mate. Shangazi alimpikia uji mwepesi kama maji akampulizia kijiko kwa kijiko, na machozi yalikuwa yanamtoka, nami nilishangaa, maana mikono ileile ndiyo iliyofunga kamba asubuhi. Sikungoja. Nilitoa vyungu kwenye tenga, nikaongeza majani makavu, nikamketisha mdogo wangu ndani, magoti yamefunikwa kwa blanketi, nikamsukuma mpaka hospitali ya misheni. Njiani wanawake wawili wenye mizigo ya ndizi kichwani walitusimamisha.

"Gwe kijana, leo unauza chungu gani hicho chenye macho?"

"Hiki hakiuzwi, mama."

"Afadhali. Kina ufa, nani atakinunua?" Kisha yule aliyetania aliinama akamwona vizuri, akaacha kucheka. Alichomoa ndizi mbivu kwenye mzigo wake akaiweka kwenye mapaja ya mtoto, ingawa kula hakuweza. Aliishika ile ndizi mpaka tukafika.

Daktari alikuwa kijana mwenye lafudhi ya Pwani, mchovu, mpole. Alimtazama mdomo kwa tochi, akamtazama macho na magoti, akauliza kuhusu baba na mama, nami nikamweleza yote, hata pilipili. Walichukua damu. Majibu yalichelewa kwa sababu yalitoka mbali, na siku zote hizo nililala chini ya kitanda chake. Yalipokuja, daktari alinitoa nje, tukasimama karibu na bomba la maji.

"Huo mnaoufikiria, hana," alisema. "Nimerudia kusoma. Hana."

Nilimuuliza, kama si huo, ni nini basi.

"Sijui jina lake. Nadhani mwili wake unajipiga wenyewe. Askari wake hawajui kwamba vita imekwisha." Alinipa vidonge vidogo vyeupe, akanionya visiachwe ghafla, vipunguzwe taratibu kama atakavyonielekeza. Siku chache tu baadaye mdogo wangu aliomba wali. Alikula wali na dagaa wa usipa, akalamba sahani, akaniuliza kama ile ndizi bado ipo.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyepata cheo. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama na jembe.

"Kama si huo, ni nini?"

"Daktari hajui jina."

"Basi hajui." Alimkumbatia mtoto kwa nguvu, kichwa cha mtoto kikiwa tumboni mwake. Asubuhi kikombe kilikuwa na kamba, na mavuno yalikuwa karibu.

Siku tuliyoanza kuvuna alifariki mzee wa nyumba ya jirani, mtu mzima aliyeshiba siku zake. Kazi ilisimama. Wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya vyombo, na walipofika kwetu hawakumkuta mtu isipokuwa mdogo wangu, amekaa kivulini. Walitazama kichanjani. Wakaona kikombe kimeshafungwa kamba.

"Hawa wenzetu wako tayari," mmoja alisema. Wakakichukua na sufuria mbili, wakazifunga na hizo.

Mdogo wangu alinikimbilia shambani, nilikobaki nafukuza ndege, akiruka kwa goti lake moja zima. "Kaka! Kikombe changu kimekwenda msibani kweli!"

Nilipofika uani kwa marehemu, chai ya rangi ilikuwa inagawiwa. Vikombe havikutosha. Mmoja alikunywa, akampa mwingine, kama ilivyo msibani. Kile cha ukingo wa buluu nilikiona mkononi mwa mzee wa kanisa. Alikipuliza, akanywa, akafuta mdomo, akampa aliyeketi karibu naye. Kikaenda kwa mtoto wa marehemu aliyetoka Mbeya. Kikaenda kwa bibi asiye na meno. Na upande wa pili wa ua, kwenye mkeka wa wanawake, shangazi alikuwa anakiona kama ninavyokiona mimi.

Nilimtazama. Angeweza kusimama akasema. Lakini aseme nini? Aseme mbele ya ukoo mzima na kanisa kwamba mtoto wa kaka yake ana ugonjwa ule? Akisema, limekwisha, hata mlimani wasingempokea. Alikifuata kikombe kwa macho. Kikombe kikapita kwenye mikeka mpaka kikamfikia, kimejazwa upya, na mwanamke aliyekipeleka alisema, "Kunywa, mama, umelia sana."

Shangazi alikishika kwa mikono miwili. Akanywa. Akanywa yote, ya moto vile, bila kupumua, na alipomaliza hakumpa aliyefuata. Alikiingiza chini ya khanga yake, akakaa nacho mpaka chai ikaisha kwa wote. Nilidhani ni hasira.

Vyombo vilipofunguliwa, mjane ndiye aliyesimama mlangoni. Shangazi alikitoa kikombe kwenye khanga. Mjane alihangaika na fundo, maana shangazi hukaza, kisha likalegea.

"Ndaga fijo," alisema. "Kanywee."

Kamba ikaanguka kwenye vumbi. Na chombo kilichofunguliwa na mfiwa hakifungwi tena mpaka msiba mwingine. Hilo shangazi alilijua kuliko mimi. Tuliongozana kurudi, yeye mbele, kikombe kikining'inia kidoleni mwake. Tulipofika alikiosha, akakiweka kichanjani, bila kamba, akasimama akikitazama.

Tulivuna. Tukapura, tukaanika. Nilingoja aseme habari ya mlimani. Siku ya kubeba magunia nilishindwa kungoja.

"Na mtoto, shangazi?"

"Mtoto gani?" alisema. "Yule anayekula ukoko wangu? Mwambie aje anishikie gunia."

Haikutajwa tena.

Hakuna aliyeugua kutokana na chai ile. Mzee wa kanisa aliendelea kutuandama na mahubiri yake miaka mingi baadaye. Mdogo wangu alikua hivyohivyo, vidonda vikija na kuondoka, vidonge vikipandishwa na kushushwa. Vyungu na mpunga vilimsomesha. Aliolewa Mbeya, na alipojifungua, mtoto wake wa kike alikuwa bado hajaanza kutembea nilipopigiwa simu.

"Kaka," alisema, "amefungua mdomo akilia. Nimeviona."

Nilisafiri siku hiyohiyo. Sasa hospitali zina mambo mengi. Daktari bingwa, mama mwenye miwani ya kamba shingoni, alituma damu ya mama na mtoto kwenye maabara ya mbali, na majibu yalipokuja alituketisha wote watatu, mtoto mapajani mwangu. Nilimwambia mapema kwamba mimi ni wa darasa la sita.

"Vizuri," alisema, "maana wa chuo kikuu huniambia wameelewa."

Alitueleza hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna watumishi wengi. Adui akiingia, watumishi fulani hufungwa alama ndogo sana. Maana ya alama ni kwamba wewe endelea kupiga kelele, watu waje. Watu wakija, hiyo ndiyo homa, ndiyo uvimbe. Ni jambo jema. Bila kelele hiyo tungekufa kwa mafua. Lakini adui akishaondoka, lazima awepo wa kufungua zile alama, kelele ikome.

"Nani anazifungua?" niliuliza.

"Kimeng'enya. Jina lake ni herufi na namba tu, A ishirini."

"Kama chumba cha gesti," alisema mdogo wangu.

"Kama chumba cha gesti. Kazi yake ni kutuliza. Huifungua alama ya kelele, na baadhi ya watumishi huwafunga alama ya namna nyingine, kwamba kazi yako imekwisha, uondolewe."

"Fundo jingine," nilisema.

Daktari alinitazama. "Eh. Fundo jingine." Akaendelea kwamba kila mtu hupewa maelekezo mawili ya kumtengeneza mfunguaji huyo, moja la baba, moja la mama. Kwa mdogo wangu na kwa mtoto, moja limeharibika. Kwa hiyo wafunguaji wao ni wachache. Alama zinabaki zimefungwa, kelele haiishi, na askari wasio na adui wanachimba vidonda kwenye mdomo wao wenyewe. Hauambukizi. Unarithiwa tu, na wengine huwashika kwa nguvu, wengine kidogo sana. Dawa ni za kupunguza kelele, na sasa ziko bora kuliko zile za zamani. Mtoto atakua.

Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka. Alinigeukia. "Kumbe miaka yote ile," alisema, "kimeng'enya changu kilikuwa kinaendesha baiskeli."

Nilimwambia asinitanie mbele ya watu. Lakini nilimgeuza mtoto upande wa dirisha ili wasinione uso.

Tulishuka Busale wote kumweleza shangazi. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini sauti ni ileile. Tulimkuta mlangoni akipeta mchele. Mdogo wangu aliketi miguuni pake akaeleza pole pole, wafungaji na wafunguaji, na mimi nikasaidia pale Kiswahili cha daktari kilipozidi, nikitia Kinyakyusa. Shangazi alipeta mpaka tukamaliza.

"Kwa hiyo unatoka kwa baba yenu," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Naye kaka yangu aliutoa wapi?"

"Kwa babu, au kwa bibi."

"Ambao ni baba yangu na mama yangu."

Aliweka ungo chini. Akageukia nje, kwenye mwanga, akafungua mdomo wake. Mdogo wangu aliinuka kwa magoti akachungulia, nami juu ya bega lake. Ndani ya shavu, kidonda kimoja, cheupe katikati, chekundu ukingoni. Ningekitambua popote.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu sijaolewa. Havikuwa vingi kama vya huyu. Mume wangu aliviona, ndiyo maana nilirudi." Alipangusa midomo kwa ncha ya khanga. "Nilidhani nimekanyaga miwaya, wakati miwaya yenyewe ilikuwa haijaletwa. Siku ya msiba wa mama yenu huyu alilia kiu, nikampa maji kwa kata yangu. Ulipomwona mdomo wake wewe, mimi nilijua nani amempa."

Mtoto alikuwa anachezea mchele.

"Na kule mlimani?" nilisema. "Ulisema mtoto aende."

"Ningemwacha aende peke yake?" Alinikasirikia kweli. "Kwa bibi kipofu? Tungekwenda wawili. Nani aliyekuambia aende peke yake?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikumbuka chai aliyoinywa yote, na kikombe alichokificha chini ya khanga asije akampa mwingine. Kisha nikatazama juu. Kata ilikuwa palepale darini, na kamba yake nyeusi shingoni, ile tuliyodhani ni ya kuitundikia tu. Nikaishusha. Ilikuwa kamba ya mgomba, imekauka na moshi wa miaka yote ile, na fundo nililijua, maana nilikuwa nimefungua mengi ya mkono huohuo.

Nilijaribu kwa kucha, likakataa.

"Meno, kijana," shangazi alisema.

Ilikuwa chungu, na ladha ya masizi. Ilipokatika mdogo wangu alichukua kata, akaichovya mtungini, akanywa, akampa mwanawe akamwaga nusu kifuani, akanipa mimi. Nikanywa. Kisha nikamrudishia mwenyewe, nikasema yale maneno yanayosemwa mlangoni, na shangazi akanywa nasi.